Mpagazi Aitwaye Mayige

Shishiyu, Maswa
3 Februari 2025

Kwako Mwalimu Rahel,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye tope. Natumaini hujasahau ulichoniahidi Bariadi. Siku ile ya mwisho ya semina ya walimu wa Historia, wenzetu wakigombania vyeti na wewe ukigombana na ule wali mbichi, ulisema, "Mwalimu Salvatory, ukilianzisha nitakufuata." Haya, nimelianzisha.

Kidato changu cha Tatu kimefika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kila mwaka nikifika hapo nawaandikia ubaoni sababu za vita na matokeo ya vita, wananakili, wanakariri, mtihani unapita, na hakuna anayejua kwamba vita hiyo ilipita mlangoni kwa babu wa babu yake. Waingereza walizoa wapagazi huku Usukuma, wakawabebesha risasi na unga mpaka kusini, Rufiji na mbele ya Rufiji. Wengi walifia huko na makaburi yao hayana hata jiwe. Nimechoka kuwasomea hayo kwa imla.

Zoezi lenyewe ni hili. Darasa langu ni wapagazi, mwaka ni 1917, wako Rufiji. Darasa lako ni wale waliobaki nyumbani. Kila mpagazi ana nyumba moja kwako, na wataandikiana kwa karatasi. Tumewaruhusu Kiswahili, maana kwa Kiingereza watoto wangu wanakazana na sarufi mpaka wanasahau kuumia. Bahasha nitampa kondakta wa basi la Lamadi.

Nina masharti mawili tu. La kwanza, barua ikifika, mwanafunzi wako akaisome nyumbani kwa sauti, mbele ya mtu mzima, kwa lugha ya nyumbani. Enzi zile barua haikuwa ya mtu mmoja, watu walikaa wakasomewa. La pili, mwezi wa nne nitaingia darasani na kopo la mbegu za pamba, nyingine nimezipaka wino. Atakayetoa yenye wino amekufa. Haandiki tena, na kwako haambiwi mtu. Wangoje tu. Ndivyo ilivyokuwa, familia nyingi hazikuletewa habari na yeyote.

Utasema Mngoni huyu ana roho mbaya. Sema tu, Wasukuma ni watani zangu, wananivumilia.

Mwenzako,
Salvatory


Kalemela, Busega
10 Februari 2025

Mwalimu Salvatory,

Barua nimeipata, na kondakta wako amedai soda.

Sharti la kwanza nimelipenda. La pili sijalipenda. Sisi Wapare tumelelewa kutofanyia kifo mchezo, lakini nilishatoa ahadi mbele ya wali, nitafanyaje.

Darasa nimeshaligawa. Wengi wamewapa wapagazi wao majina ya kuchekesha, nikawaacha. Mmoja tu, Monika, msichana mkimya anayekaa dirishani, aliomba mpagazi wake aitwe Mayige. Nikamuuliza kwa nini Mayige, akasema ni jina tu. Sijatimiza mwaka hapa na kwao sikujui, basi nikaandika Mayige. Mpe mtoto anayejua kuandika, kwa sababu huyu msichana anastahili.

Rahel


Kambini Rufiji, 1917
(Luhende, Kidato cha Tatu B, Shishiyu. 17 Februari 2025)

Mayu, mama yangu mpendwa, na wote hapo nyumbani,

Mwadila. Ni mimi Mayige. Niko mzima, isipokuwa mabega.

Huku Rufiji ni maji na matope. Mzungu akisema twende, tunakwenda. Akisema simama, wengine tunakuwa tumeshaanguka. Chakula ni kidogo na mbu ni wengi, ukitaka kumpiga mmoja lazima uombe ruhusa kwa wenzake. Tunaye mmoja anakoroma hata akitembea. Tukimwamsha anauliza tumefika wapi, na hakuna anayejua.

Nawaza sana ng'ombe. Je, yule wa pembe moja ameshazaa? Nawaza na maziwa ya mgando unayoyaweka kwenye kibuyu, na sauti yako ukituita kula. Njia ni ndefu lakini nimeizoea. Usilie, mayu. Nitunzie nafasi yangu karibu na moto.

Mwanao,
Mayige


Kalemela
24 Februari 2025

Kaka Mayige,

Barua yako nimemsomea mayu jikoni, kwa Kisukuma. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema rudia. Nikarudia. Akauliza huyo ng'ombe wa pembe moja ni yupi, maana ulipoondoka nao hakuwepo. Kisha akajijibu mwenyewe kwamba atakuwa amezaliwa hukohuko.

Anauliza kama umeoa. Anauliza kama huyo Mzungu ndiye mwenye ardhi mnayochungia. Anasema mabega uyapake samli, na usilale na nguo mbichi, kifua chako anakijua. Alicheka kwa ajili ya yule anayekoroma. Mayu hajacheka siku nyingi.

Andika upesi.

Mdogo wako,
Monika


Shishiyu
3 Machi 2025

Wewe Monika,

Hii siyo ya zoezi, usimwonyeshe mwalimu wako. Nimeificha ndani ya ile ya Mayige.

Mpagazi wa 1917 aliondoka na ng'ombe akawapeleka wapi, vitani? Mwalimu Salvatory akiisoma ile barua yako utapata sifuri na mimi nitapata fimbo kwa kukupotosha. Na habari ya kuoa, mwambie mama bado. Mimi ni wa Kidato cha Tatu na sina hata mbuzi, nani atanipa binti.

Lakini niambie kweli. Mama yako anaelewa kwamba tunafanya zoezi? Nilisoma ile habari ya samli nikacheka, halafu nikaisoma tena sikucheka.

Luhende


Kalemela
10 Machi 2025

Luhende,

Haya ninayokuandikia Mwalimu Rahel hayajui. Niapie kwamba na wako hutamwambia.

Mayige ni kaka yangu kweli. Aliondoka nikiwa darasa la nne, na ng'ombe wetu na wa baba mdogo, akaelekea kusini kutafuta malisho kama wanavyokwenda wengi. Akafika Rufiji. Alikuwa akipiga simu kwa baba mdogo Bujiku kila sikukuu. Mwaka jana maji yalipojaa kule, simu ilipigwa na mtu mwingine. Maji yalimchukua akivusha ndama. Walimpata, wakamzika hukohuko.

Baba yetu alishafariki, kwa hiyo baba mdogo ndiye mwenye mji. Alituita watu wote wa ukoo isipokuwa mayu. Akasema mama yenu ametoka kulazwa kwa presha, akisikia hili tutazika wawili, tungoje apate nguvu. Tukaenda kulilia kwenye mtama. Tukanawa uso kisimani, tukarudi nyumbani kula. Tukasema tutamwambia baada ya mavuno, na mavuno yakapita. Sasa kila mtu anaona aibu ya kuanza. Mayu yeye husema huko Rufiji simu hazishiki.

Niliomba lile jina kwa sababu nilitaka kuliandika tu. Nyumbani halitajwi, ila majirani wanapomwita mayu Mama Mayige, na hapo mimi hutoka nje. Sikujua tungeambiwa tukasome kwa sauti. Nilianza kusoma, "Ni mimi Mayige," mayu akaacha mwiko ndani ya ugali akanitazama. Ningemwambia nini wakati ule? Niliendelea kusoma.

Wiki hii amekula vizuri. Amefungua mlango wa chumba cha kaka akakifagia. Najua ninafanya vibaya, lakini sijamwona hivi tangu baba afe. Naomba uandike tena. Na ile mbegu ya wino wanayoisema, tafadhali usiitoe.

Monika


Shishiyu
11 Aprili 2025

Dada Rahel,

Leo ndiyo leo. Nimepitisha kopo.

Laiti ungekuwepo. Hata wale wa nyuma, ambao Mungu mwenyewe hawezi kuwatuliza, walijipanga mstari. Kila mtoto alitumbukiza mkono huku amefumba macho. Waliotoa nyeupe hawakushangilia, na miaka yote niliyofundisha sijawahi kuona hivyo. Nadhani vita imeingia darasani, na mimi nimefurahi kama mjinga.

Luhende ametoa yenye wino. Ni mwandishi wangu bora, ndiye Mayige wa Monika wako, imeniuma kidogo. Alinifuata ofisini akaomba abadilishane na Mboje, ambaye yuko tayari kufa hata leo kwa kuwa kuandika kunamchosha. Nikacheka. Nikamwambia vitani hakuna kubadilishana. Akasema, "Mwalimu, kuna mtu ataumia." Nikamwambia hilo ndilo somo lenyewe. Akatoka bila kuaga, jambo ambalo si kawaida yake.

Monika usimwambie. Mwache angoje, halafu mwezi wa tano wape insha yenye kichwa "Kungoja". Naamini ya kwake itakuwa nzuri kuliko zote.

Salvatory


Shishiyu
5 Mei 2025

Monika,

Nilitoa ya wino. Nilijaribu kumwomba mwalimu nikashindwa kusema sababu, kwa kuwa uliniapisha. Nikatii nikakaa kimya mpaka nikapata kile kikaratasi chako kwamba mama anakwenda kusimama barabarani kila basi likipita. Barua hii nimempa dereva wa bodaboda anayekwenda Lamadi kwa shangazi yake. Isome kwa sauti kama zile nyingine.

Mayu wangu,

Unisamehe kwa kimya. Tulivuka mto na mizigo, karatasi zikalowa. Mabega nimeyapaka samli kama ulivyosema na yamepona. Nguo mbichi silali nazo.

Hapa nilipo nimechoka kuwa mbali. Watu wa huku ni wema lakini hawajui kunitania. Nikiona mama wa mtu anamwita mtoto wake, nageuka mimi. Usiende tena kusimama barabarani, jua litakuumiza. Nitakuja mwenyewe. Pamba ikianza kununuliwa, mimi nitakuwa hapo nyumbani.

Mwanao,
Mayige

Monika, hayo ya kurudi hayakuwemo kichwani mwangu nilipoanza. Niliyaandika tu. Ukiona si sawa, yaruke.

Luhende


Kalemela
29 Mei 2025

Mwalimu Salvatory,

Leo sina salamu, unisamehe.

Jana wakati wa mapumziko alikuja mama mmoja ofisini, amembeba kuku kwenye kanga. Ni Nyanjige, mama yake Monika. Kiswahili chake ni cha taratibu, Kisukuma changu hakipo, nikamwita Monika atutafsirie. Mama alisema amekuja kunishukuru, kwa kuwa ni mimi ninayemletea barua za mwanawe Mayige aliyeko Rufiji na ng'ombe. Aliomba nimwandikie asirudi kwa miguu, awaachie wenzake mifugo apande basi. Chumba chake ameshakisiriba upya. Ametuma watu Kiloleli kumposea binti.

Nikamwambia Monika, "Mweleze mama kwamba hizi barua ni zoezi la darasani, zimeandikwa na mvulana wa Shishiyu." Monika akasema maneno marefu, na mama akatabasamu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nikajua kwamba niliyoyasema hayajafika. Nikarudia, safari hii kwa ukali. Monika akaanza kulia. Mama akamfuta uso kwa pindo la kanga, akidhani namgombeza kwa ajili ya masomo.

Alipoondoka, Monika aliniambia yote. Kaka yake alikufa kwenye mafuriko ya mwaka jana, huko huko Rufiji tulikowapeleka wapagazi wetu. Ukoo mzima unajua, isipokuwa aliyemzaa. Na Luhende wako, uliyemuua kwa mbegu ya pamba, ameendelea kuandika kwa siri, na ameahidi kurudi. Monika angeweza kuliruka hilo akisoma. Anasema alilifikia akaona uso wa mama yake, akalisoma.

Jioni nilikwenda kwa baba mdogo wake, Bujiku, nikamwomba amwambie shemeji yake ukweli. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakukasirika. Akasema, "Mwalimu, sisi tulikuwa tumemlaza. Nyie mmemwamsha. Mlazeni nyie."

Jumamosi nitakwenda na Domitila, muuguzi wa zahanati, kwa ajili ya ile presha. Tangu jana najifunza kusema sentensi moja na kila mara naikosea. Nimekukasirikia, Salvatory, halafu nikakumbuka kwamba jina nililiandika mimi.

Mwite Luhende. Usimpige.

Rahel


Shishiyu
2 Juni 2025

Dada Rahel,

Sikumpiga. Nilimwita, nikamwomba radhi, na sijawahi kumwomba mwanafunzi radhi, sikujua hata nisimame au nikae. Nikamwambia zoezi limekwisha. Akauliza, "Wale waliokufa kweli, mwalimu, mama zao waliambiwa na nani?" Nikamjibu sijui. Nimefundisha vita hii miaka mingi na swali hilo sikuwahi kujiuliza.

Tangu jana hataki kula bwenini. Wenzake wanadhani ni malaria. Najua wewe Jumamosi ulikwenda, na sijapata neno lako, na naogopa kupiga simu. Kama mama yule amezidiwa, niambie hivyo hivyo, usinitafutie maneno. Na kama ni mzima, sijui pia nimwambie nini.

Salvatory


Kalemela
6 Juni 2025

Kwako Luhende wa Shishiyu,

Mwangaluka, ng'wanone, mwanangu. Anayesema ni mimi Nyanjige, mama yake Mayige. Anayeandika ni Monika. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asipunguze wala asiongeze, amenizoesha vibaya.

Mwalimu alikuja Jumamosi na yule wa zahanati. Akasema kwa Kiswahili, neno moja moja, na mimi nikaelewa. Watu wa ukoo walisema nikisikia nitakufa. Nimesikia, nimepimwa, sijafa. Wangenipima mwaka jana.

Nilikukasirikia. Nilisema huyu ni mtoto wa namna gani, anajiita jina la mtu aliyelala chini, ananiuliza habari za maziwa. Nilimwambia Monika azichome barua zako akakataa, nikampiga kofi, halafu nikamshika tukakaa hivyo. Mchumba wa Kiloleli nimetuma watu kumwachia. Wazazi wake walitucheka, basi na wacheke.

Sasa nikuambie kinachoniuma. Nilikaa chini nikaanza kulia, majirani wakaja. Walikaa kidogo wakaondoka wakachume pamba. Bujiku alinililia mimi, lakini Mayige sikumwona akimlilia. Monika naye vivyo hivyo. Wao walimlilia mwaka jana kwenye mtama, wakamaliza, wakaja kula ugali nilioupika mimi. Nikilitaja jina lake leo wananipa pole kama mtu anavyompa pole jirani. Sina wa kulia naye. Mtoto nilimzaa mwenyewe, na matanga yake wenzangu wameshayaanua zamani, mimi ndiyo nayatandika.

Umebaki wewe. Monika ameniambia ulitoa mbegu ya wino ukafa, ukamkatalia mwalimu wako, ukaendelea kuwa hai kwa ajili yangu. Mimi Mayige nilikuwa naye mpaka juzi, nawe ulikuwa naye mpaka juzi. Hao wengine wote wameshamzoea akiwa marehemu.

Njoo, ng'wanone. Usije kuniandikia wala kunisomea kitu, na sitakuita jina lisilo lako. Njoo ukae nami chini tulie. Mwombe mwalimu wako ruhusa, mwambie una msiba. Akikuuliza umefiwa na nani, mwambie umefiwa na kaka yako.

Mimi,
Nyanjige, Mama Mayige